Mapatano ya Karen: Ndoa, Wivu na Kifo cha Lord Erroll

Ndoa ya Sir Jock Delves Broughton na Diana Caldwell, iliyofungwa Durban tarehe 5 Novemba 1940, ilikuwa na sharti la ajabu. Bwana arusi alikuwa na miaka 57, bibi arusi 27. Kabla ya kuoana walipatana kwamba ikitokea Diana akampenda mwanamume mwenye umri mdogo, mumewe hatamzuia. Atampa talaka, na juu ya hapo atamlipa pauni 5,000 kwa mwaka kwa muda usiopungua miaka saba. Wiki moja baada ya arusi walishuka Kenya, kisha wakapanga nyumba Karen, magharibi mwa Nairobi. Miezi mitatu haikutimia, sharti likaamka. Mtu aliyeliamsha alikutwa ndani ya gari lake, amepigwa risasi ya kichwa, si mbali na nyumba hiyo.

Riwaya ya taharuki inayochimba mapenzi ya kupindukia ndani ya ndoa haimhitaji jambazi wa kutoka nje. Hatari inakula chakula cha jioni pamoja na wenye nyumba. Inauliza mtu amerudi saa ngapi, inafungua barua kabla ya mwenyewe, inawachekea wageni. Daphne du Maurier aliijenga Rebecca, mwaka 1938, juu ya nyumba moja na mke aliyekwisha kufa. Gillian Flynn, mwaka 2012, aliandika Gone Girl juu ya mume na mke wanaojuana kupita kiasi. Kwa Kiswahili, Said Ahmed Mohamed katika Utengano, iliyotoka 1980, alimchora Bwana Maksuudi, mtu wa heshima zake mbele ya umma, ambaye nyumbani mkewe na bintiye wanaishi kama mateka. Nairobi ina kisa cha ukoo huo katika majalada ya mahakama tangu 1941. Kimesimuliwa mara nyingi kama kitendawili cha nani aliyefyatua bastola, na hilo ni swali la halali. Lakini kinachokifanya kisichuje ni upole wa mume, pamoja na jambo ambalo mahakama haikuwa na kazi nalo: mtu anayemwambia mkewe kwamba yuko huru kuondoka, huku moyoni hataki aondoke, amemwahidi nini hasa?

Karen ya wakati huo haikuwa mtaa kwa maana ya leo. Hadi 1931 sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, ambaye alilihangaikia tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mpaka mavuno haba, bei mbaya na madeni vikamshinda. Aliyelinunua alilikatakata viwanja vikubwa, vikauzwa kwa Wazungu waliotaka maisha ya shamba bila kuwa mbali na mji. Nyumba zilikaa mbalimbali, na kati ya moja na nyingine ilikuwa miti na giza. Njia ya kwenda mjini ilikuwa Barabara ya Ngong, na Mzungu aliipita kwa motokaa. Waliotembea kwa miguu walikuwa Waafrika, yaani wapishi, madobi, mayaya na watunza bustani, ambao walikuwapo pale kwa sababu ya kazi, kila mwanamume na kipande chake cha utambulisho shingoni.

Mjini kwenyewe, kwenye Delamere Avenue ambayo leo ni Kenyatta Avenue, na Government Road ambayo leo ni Moi Avenue, vita vilikuwa vimejaza askari. Waitaliano walikuwa Ethiopia na Somalia, na Nairobi ilikuwa makao ya majeshi ya Uingereza yaliyojiandaa kuwatoa. Mashambulizi yalianza Januari 1941, mwezi uleule wa kisa hiki. Serikali ya koloni ilitaka Wazungu waonekane watu wa kujinyima na wa kazi. Kwa hiyo ule msururu wa dansi, pombe na wake za watu uliofichuliwa mahakamani miezi michache baadaye uliwaaibisha watawala pengine kuliko mauaji yenyewe.

Aliyeuawa, Josslyn Hay, Lord Erroll wa 22, alizaliwa 1901 katika ukoo wa kale wa Scotland uliokuwa na vyeo vingi kuliko fedha. Alikuja Kenya 1924 na mke wake wa kwanza, Idina Sackville, aliyekuwa ameshaolewa mara mbili kabla yake, wakakaa Bonde la Wanjohi chini ya Milima ya Nyandarua. Kundi lao la Wazungu wachache, wenye nafasi na wasio na haraka ya kwenda popote, ndilo lililopachikwa jina la Happy Valley. Ndoa hiyo ilivunjika 1930. Mwaka huohuo Erroll alimwoa Molly Ramsay-Hill, naye alikuwa mke wa mtu alipoanza naye, wakaishi Oserian kando ya Ziwa Naivasha. Molly alizama katika pombe na dawa za kulevya, akafa 1939. Kwa wanaotaka kumwona Erroll kama kijana wa raha tu, ni vizuri kukumbuka kwamba 1934 alijiunga na chama cha kifashisti cha Oswald Mosley, na kwamba 1939 alichaguliwa kuwakilisha Kiambu katika Baraza la Kutunga Sheria. Vita vilipoanza alipewa kazi ya katibu wa kijeshi wa koloni, nayo aliifanya vizuri. Alikuwa mzuri wa sura, mwepesi wa maneno, na mwenye mazoea ya kupenda palipokwisha kupendwa na mwingine.

Alikutana na Diana katika kilabu cha Muthaiga mwishoni mwa Novemba 1940, majuma machache tu baada ya arusi ya Durban. Kufikia Januari mambo hayakuwa siri tena kilabuni. Wawili hao walicheza dansi mbele ya mume, naye akiwatazama kutoka mezani. Vikaratasi visivyo na jina vikaanza kuachwa kwenye kisanduku cha barua za Broughton palepale Muthaiga, vikimdhihaki juu ya mkewe. Mwandishi wa vikaratasi hivyo hakupatikana. Jambo moja liko wazi: alikuwa mtu wa ndani, anayejua nani alikaa na nani usiku uliopita, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha mume hapati nafasi ya kujifanya haoni.

Tarehe 18 Januari 1941 Erroll na Diana walimwambia Broughton kwamba wanapendana. Mume hakupiga kelele. Alijaribu kuomba wangoje kidogo, wafikiri, kisha akaonekana amekubali. Alimwandikia rafiki yake kwamba ataiacha hasara ilivyo na kwenda zake Ceylon. Katika siku hizohizo, tarehe 21, alipiga ripoti polisi kwamba nyumbani kumeibwa bastola zake mbili aina ya Colt, pamoja na kibweta cha sigara cha fedha na noti chache. Mwizi wa namna hiyo huwa haulizwi sana maswali katika nyumba yenye watumishi wengi. Lawama hujua njia ya kwenda. Baada ya siku tatu wizi huo ulikuwa na maana nyingine kabisa.

Usiku wa tarehe 23 Januari wanne walikula pamoja Muthaiga: Broughton, Diana, Erroll, na rafiki yao June Carberry. Hapo ndipo mume alipofanya tendo ambalo hakuna msimuliaji aliyeweza kulipita. Aliinua glasi, akawatakia mkewe na mpenzi wa mkewe maisha ya furaha, na mtoto wa kurithi jina. Baada ya chakula Erroll alimchukua Diana kwenda kucheza dansi katika kilabu kingine, Claremont. Broughton alitoa ombi moja tu, kwamba mkewe arudishwe nyumbani kabla ya saa tisa usiku, kama baba anayemruhusu binti kwenda arusini.

Walipoondoka, sauti ilibadilika. Kwa ushahidi wa June Carberry mahakamani, Broughton, akiwa amelewa, alisema hatampa Diana zile pauni 5,000 wala nyumba ya Karen. Na aende akaishi na huyo bwana wake. Ndani ya saa chache mtu mmoja alikuwa ameyabariki mapatano mbele ya meza na kuyavunja nyuma yake. Kwa mtunzi wa riwaya, sehemu nzito kuliko zote ni hii. Hapa msomaji anaelewa kwamba ukarimu wa mezani ulikuwa na bei, na kwamba mwenye kuutoa alikuwa akiihesabu tangu mwanzo.

Kilichofuata kinajulikana kwa saa na dakika, kwa kuwa polisi na mawakili walikichambua hadi uzi wa mwisho. June na Broughton walifika Karen kiasi cha saa nane usiku. Erroll alimleta Diana dakika ishirini na kitu baadaye, akaagana naye, akaondoka peke yake. June alisema kwamba Broughton alibisha mlango wa chumba chake mara mbili usiku ule kumuuliza kama yu mzima: mara ya kwanza muda mfupi baada ya kufika, mara ya pili kiasi cha saa tisa na nusu. Katikati ya mibisho hiyo miwili mna nafasi ya zaidi ya saa nzima, na kesi yote iliingia humo.

Kiasi cha saa tisa usiku Waafrika wawili waliokuwa na lori la maziwa waliona taa za gari zikiwaka mahali pasipo barabara, karibu na njia panda ya Barabara ya Ngong na Barabara ya Karen. Ilikuwa Buick ya Erroll, imetoka njiani na kuinamia shimo la kuchimbia murram. Mwenyewe alikuwa amejikunja sakafuni chini ya usukani. Mwanzoni ilidhaniwa ni ajali, na gari likashikwashikwa na kusukumwa na kila aliyefika, hata alama za miguu na za magurudumu zikapotea. Jeraha la risasi nyuma ya sikio liligunduliwa mochari, mwili uliposafishwa. Kutoka hapo hadi nyumba ya Broughton palikuwa na maili mbili na zaidi kidogo.

Asubuhi ileile Broughton alikwenda mochari na kuomba leso ya mkewe iwekwe juu ya maiti. Mchana, kwenye shimo la takataka la nyumba yake, ukawashwa moto. Polisi waliopekua jivu walitoa kipande cha soksi ya gofu kilichoungua nusu, chenye dalili za damu. Mtu anaweza kuyasoma matendo haya mawili kwa njia mbili, na ndiyo shida ya ushahidi wa nyumbani. Leso ile ni huruma ya mume aliyeshindwa, au ni mhuri wa mwenye mali juu ya kitu kilichorudishwa. Moto wa takataka huwashwa kila siku katika nyumba za Karen.

Upelelezi uliongozwa na Arthur Poppy, ofisa wa polisi mwenye bidii na asiyechekelea wakubwa. Alikwenda hadi shamba moja karibu na Nanyuki ambako Broughton aliwahi kufanya mazoezi ya shabaha, akaokota risasi zilizobaki pale. Upande wa mashtaka ulidai kwamba risasi hizo na zile za kwenye Buick zilitoka katika silaha moja, na kwamba silaha hiyo ni mojawapo ya Colt mbili zilizoripotiwa kuibwa. Tarehe 10 Machi 1941 Broughton alikamatwa.

Kesi ilifunguliwa tarehe 26 Mei mbele ya Jaji Mkuu, Sir Joseph Sheridan, katikati ya mji wa Nairobi. Mwanasheria Mkuu, Walter Harragin, aliendesha mashtaka. Kwa upande wa utetezi alikuja Harry Morris, wakili mashuhuri wa Johannesburg, ambaye Diana mwenyewe alisafiri kwenda kumtafuta. Malipo yake yalikuwa pauni 5,000, sawasawa na posho ya mwaka mmoja ya yale mapatano. Mke ambaye mpenzi wake ameuawa alikuwa sasa anamtafutia wakili mume anayeshtakiwa kwa mauaji hayo. Waliomwona mahakamani siku baada ya siku, amevaa vizuri, walimhukumu kwa nguo zake kuliko kwa jambo jingine lolote.

Morris hakujishughulisha sana na mapenzi. Alikwenda moja kwa moja kwenye chuma. Bastola za Colt za aina ile zina mifuo sita ndani ya kasiba, na risasi inapotoka hujizungusha kwa upande wa kushoto. Risasi zilizomuua Erroll zilikuwa na alama za mifuo mitano, zenye mzunguko wa kulia. Basi hazikutoka kwenye Colt. Na ikiwa hazikutoka kwenye Colt, ule mnyororo wote wa Nanyuki, wizi wa tarehe 21 na njia panda ya Karen ulikatika, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba Broughton aliwahi kuwa na bastola nyingine. Juu ya hapo Morris aliuonyesha mwili wa mteja wake: mzee anayechechemea, asiyeona vizuri gizani, aliyekuwa amekunywa sana. Je, mtu huyo alishuka dirishani, akaua, akarudi nyumbani zaidi ya maili mbili usiku, kisha akabisha mlango wa mgeni kumuuliza hali? Tarehe 1 Julai jopo la raia waamuzi lilimwachilia.

Jopo hilo lilikuwa la Wazungu watupu. Sheria ya koloni ilimpa Mzungu haki ya kuamuliwa na jopo la watu wa rangi yake. Mwafrika aliyeshtakiwa kwa mauaji alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Si lazima kudai kwamba jopo jingine lingefikia uamuzi tofauti. Hoja ya mifuo ilikuwa nzito, na mahakama yoyote ya haki ingeisikia. Lakini Nairobi nzima ilijua kwamba kama aliyeshtakiwa angekuwa mpishi wa nyumba ileile, kwa bastola ileile isiyoonekana, hakuna ambaye angepanda meli au ndege kwenda Johannesburg.

Broughton na Diana walisafiri pamoja hadi Ceylon na India, kisha wakatengana. Broughton alirudi Uingereza mwishoni mwa 1942, na mwanzoni mwa Desemba alikutwa katika hoteli ya Adelphi, Liverpool, amejidhuru kwa dawa. Alifariki siku chache baadaye. Diana aliolewa 1943 na Gilbert Colvile, mfugaji tajiri wa Naivasha, ambaye alimnunulia Oserian, nyumba aliyoishi Erroll zamani. Mwaka 1955 aliachana naye, akaolewa na Lord Delamere wa nne. Akafa 1987 akiwa mmoja wa wanawake wa Kizungu wenye ardhi na sauti kubwa Kenya. Erroll alizikwa Kiambu, kando ya Molly.

Kisa hiki kina kivuli chake, nacho kinasaidia kukielewa. Alice de Janzé, tajiri wa Kimarekani aliyekuwa jirani wa Wanjohi na aliyewahi kuwa mpenzi wa Erroll, alimpiga risasi mpenzi wake mwingine, Raymond de Trafford, kisha akajipiga mwenyewe, katika kituo cha treni cha Gare du Nord, Paris, Machi 1927. Wote wawili walipona. Mahakama ya Ufaransa ilimpa adhabu nyepesi, na mwaka 1932 akaolewa na huyohuyo aliyempiga. Ndoa haikudumu. Mwishoni mwa Septemba 1941, miezi mitatu hivi baada ya Broughton kuachiliwa, Alice alijiua kwake Wanjohi. Kwa Alice, kung'ang'ania kulikuwa wazi, na watu walikuita wazimu, wakakusamehe kama wazimu. Kwa Broughton kulivaa suti, kukajiita uungwana. Msomaji wa riwaya za aina hii anajua ni yupi kati ya hao wawili wa kuogopwa chumbani.

Hapa ndipo yale mapatano ya Durban yanapostahili kuangaliwa tena kwa makini. Kwa juu juu yanaonekana ya kisasa, hata ya hekima: mzee anajua umri wake, anamwachia kijana mlango wazi. Lakini mlango ule ulikuwa na bei iliyopangwa na mwenye fedha, na mwenye fedha alibaki na uwezo wa kuufunga kwa neno moja la ulevi. Uhuru unaotolewa na mume, kwa masharti ya mume, kwa akaunti ya mume, unabaki mali ya mume. Mapatano yalimfanya Diana aonekane mdeni siku aliyoyatumia. Tena yalimfunga na Broughton pia, maana yalimwondolea njia pekee ambayo wivu huwa nayo ya kutoka nje, yaani ugomvi. Mtu aliyeahidi kutogombana hana budi kuinua glasi.

Sheria ya Kenya leo inayajua mapatano ya wachumba. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inawaruhusu kukubaliana juu ya mali kabla ya kuoana, na inaipa mahakama uwezo wa kuyatengua ikiwa yalipatikana kwa hila, kwa shinikizo, au ni ya dhuluma iliyo wazi. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 ilikwenda mbali zaidi ya kipigo: inahesabu pia mateso ya kihisia, vitisho, kumfuatafuata mtu na kumbana kwa fedha. Mahakama ya 1941 haikuwa na maneno hayo, na pengine Diana asingeyataka. Katika jambo moja kisa cha Karen kinapotosha kikichukuliwa kama mfano wa jumla. Aliyekufa ni mpenzi wa kiume. Wanaouawa na wapenzi wao nchini kwa kawaida ni wanawake, na hao ndio waliowatoa maelfu kuandamana barabarani Nairobi na miji mingine tarehe 27 Januari 2024.

Kisa kiliingia vitabuni polepole. Mwaka 1969 Cyril Connolly na James Fox walianza kukifukua kwa ajili ya gazeti moja la London, na baada ya Connolly kufa Fox alichapisha White Mischief, 1982. Filamu ya jina hilo, iliyoongozwa na Michael Radford, ilitoka 1987, mwaka aliokufa Diana. Binti wa kambo wa June, Juanita Carberry, ambaye wakati wa mauaji alikuwa na miaka 15, alisema kwamba Broughton alimkiria kwa mdomo wake kuwa ndiye aliyeua. Alilieleza hilo katika kitabu chake mwenyewe cha 1999. Errol Trzebinski, mwaka 2000, alipendekeza kwamba Erroll aliuawa na majasusi wa Uingereza kwa sababu za kisiasa. Paul Spicer, mwaka 2010, alimnyooshea kidole Alice.

Nadharia hizi hazina uzito sawa. Ile ya majasusi inamweleza Erroll mfashisti, jambo ambalo wengine hulipita haraka, lakini inaiondoa ndoa kabisa katika hadithi, na kuacha vikaratasi, glasi iliyoinuliwa na leso vikiwa sadfa tupu. Ile ya Alice inayo mapenzi ya kutosha ila haina njia ya kumfikisha pale njia panda. Maelezo ya Juanita yana nguvu ya mtoto aliyebeba siri ya mtu mzima, na udhaifu wa neno lililotolewa hadharani baada ya miaka mingi. Mifuo mitano imebaki mitano. Anayeamini kwamba Broughton aliua inambidi aamini pia katika bastola ya tatu, au mkono wa kukodi.

Kilichokosekana katika vitabu vyote hivyo ni nyumba yenyewe, na hilo ni pengo kubwa kwa kisa cha nyumbani. Palikuwa na watu waliotandika vitanda, waliojua nani alilala wapi, waliosikia sauti zikipanda barazani usiku na kushuka mbele ya wageni. Baadhi yao waliitwa mahakamani, wakajibu walichoulizwa kupitia mkalimani, wakarudi kazini. Waliulizwa kuhusu saa na petroli na moto. Hakuna aliyewauliza walivyoiona ndoa ile. Filamu iliwapa trei za kubeba. Kitabu cha Diana mwenyewe nacho hakipo. Kwa hiyo mtunzi wa Nairobi anayetaka kuandika riwaya hii upya, kwa Kiswahili, hana haja ya kushindana na Fox juu ya bastola. Anaweza kuanzia jikoni, na mpishi aliyeambiwa tarehe 21 kwamba kuna mwizi nyumbani, ambaye tangu siku hiyo anawatazama waajiri wake kwa jicho la mtu anayejua kwamba mwizi si yeye.